Buibui muuaji wa misitu ya mvua: mtafiti anajuaje kuwa spishi aliyoishika ni mpya?

Mwalimu_Newala

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Newala, na tulipofika kwenye uainishaji wa viumbe niliwaeleza wanafunzi habari za buibui wauaji wa familia ya Archaeidae, wale wadogo wa misitu ya Madagaska na Australia wenye shingo iliyoinuka na taya ndefu kupita kiasi, ambao hawafumi utando wa kutegea bali hutembea usiku wakiwasaka buibui wenzao. Somo liliwagusa sana, na maswali yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko kitabu cha kiada.

Mmoja aliuliza mtafiti anajuaje kuwa buibui aliyemshika ni spishi mpya, na si ile ile iliyokwisha kupewa jina zamani na mtu mwingine. Mwingine aliuliza kwa nini ni lazima buibui huyo auawe, ilhali simu za siku hizi hupiga picha zinazoonyesha hata vinyweleo vya miguu. Nami nina la kwangu: tunayo misitu ya Rondo, Litipo na Chitoa upande wa Lindi, na huku kwetu vichaka vya uwanda wa Makonde. Je, kuna sababu ya kuwatafuta humo? Naomba wenye ujuzi watueleze kwa kirefu, kwa kuwa nitawasomea majibu darasani.

Mpanga_Sampuli

Mwalimu, hongera kwa kuwa na wanafunzi wanaouliza hivyo. Kazi yangu imekuwa kupanga na kutunza sampuli za wadudu na buibui, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa maabara.

Upya wa spishi hujulikana kwa kulinganisha, na ulinganisho huo hufanyika mezani, mara nyingi miaka mingi baada ya mnyama kukamatwa. Mwaka 2018 Hannah Wood wa makumbusho ya Smithsonian, Marekani, na Nikolaj Scharff wa Denmark, ambaye pia amekusanya buibui katika milima yetu ya Uzungwa, walichapisha kazi kuhusu buibui hawa wa Madagaska. Walipitia mamia ya sampuli, baadhi zikiwa zimekaa muda mrefu katika makabati ya makumbusho, wakazigawa katika spishi 26, na 18 kati yake zilikuwa hazijawahi kupewa jina. Aliyezikusanya sampuli hizo za makabatini huenda hakujua ameshika nini. Hata familia yenyewe ilianza kujulikana kwa namna ya ajabu: watafiti Koch na Berendt waliieleza mwaka 1854 kutokana na mabaki yaliyoganda ndani ya kaharabu ya Baltiki, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, ikadhaniwa kuwa imetoweka duniani, hadi mwaka 1881 alipoelezwa buibui wa Madagaska aliye hai.

Sasa, maelezo ya spishi yana nini ndani yake? Mtafiti humweka buibui chini ya hadubini, akapima urefu wa mwili, ambao kwa familia hii huwa kati ya milimita 2 na 8, kisha akapima kimo cha kichwa kwa kulinganisha na urefu wa gamba la mgongo. Kipimo hiki kina maana kubwa kwao, kwa sababu shingo ile ndiyo inayozipa taya ndefu nafasi ya kufanya kazi. Buibui muuaji akilifikia windo huinua taya hadi karibu digrii 90, akalichoma kwa chonge zenye sumu zilizo ncha za taya, kisha akalishikilia mbali na mwili wake hadi life, ili lisipate kumng'ata. Kwa hiyo anayepima shingo anapima pia chombo cha kuwindia, na tofauti ndogo za uwiano huo husaidia kutenganisha spishi. Buibui wauaji wa Australia wana vinundu juu ya fumbatio, navyo huangaliwa kwa makini.

Lakini ushahidi wenye nguvu zaidi ni viungo vya uzazi. Buibui dume ana vipapasio viwili vya mbele ambavyo ncha zake hupitisha mbegu kwa jike, na maumbo ya ncha hizo, yenye vibamba na miiba midogo mno, kwa kawaida hutofautiana kutoka spishi hadi spishi hata pale ambapo rangi na ukubwa vinafanana kabisa. Ndiyo maana buibui ambaye hajakomaa huwa hasaidii sana: viungo hivyo havijakamilika. Na ndiyo maana picha ya simu, hata iwe nzuri namna gani, huonyesha mgongo na macho manane na kuacha kile ambacho mtaalamu anakihitaji.

Kwa maoni yangu, moyo wa andiko zima ni aya moja fupi, ile inayotamka kwa uwazi ni kitu gani kinachoitenga spishi hii na jamaa yake wa karibu. Nimesoma maandiko yenye kurasa nyingi za rangi ya miguu na yasiyo na aya hiyo ya kueleweka, na hayamfai mtu anayekuja baadaye akiwa na chupa ya sampuli mkononi.

Kuhusu kuua: kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka kila jina jipya lifungwe kwenye sampuli, na tangu mwaka 2000 mwandishi analazimika kuitaja waziwazi. Ikiwa ni moja huitwa holotaipu. Wanasayansi wakibishana miaka mia moja baadaye, watairudia sampuli hiyo, watazame upya kile ambacho mwandishi wa kwanza hakukiona, na pengine wachukue mguu mmoja kwa ajili ya vinasaba. Wapo waliojaribu njia ya picha: mwaka 2015 nzi mmoja wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, alipewa jina kwa picha peke yake, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Kwa nzi mkubwa mwenye alama za wazi yawezekana kujitetea. Kwa buibui wa milimita 3 siamini kwamba inawezekana.

Mzawa_wa_Rutamba

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na kaka Mpanga_Sampuli kuhusu umuhimu wa sampuli. Naomba hata hivyo kuuliza jambo linalotugusa sisi wa Lindi: sampuli hiyo inayobeba jina hulala wapi?

Tendaguru ni kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ilichimbwa pale na wenyeji kwa mamia, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mtafiti wa Kijerumani, Janensch, alitoa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, mnyama ambaye leo huitwa Giraffatitan, na mifupa iliyosimamishwa katika makumbusho ya Berlin ina kimo cha zaidi ya mita 13. Mtoto wa Lindi anayetaka kuuona mfupa wa nyumbani kwao hana budi kusafiri hadi Ujerumani. Ikiwa mzigo wa tani nyingi uliondoka hivyo, buibui anayeenea katika kichupa cha mfukoni ataondoka bila hata mtu kuuliza. Nataka wanafunzi wa Mwalimu wafahamu kwamba kuieleza spishi ni jambo moja, na kubaki na uwezo wa kuithibitisha ni jambo jingine.

Mpanga_Sampuli

Dada, hoja yako ni ya haki kabisa. Siku hizi mtafiti wa nje hatakiwi kuingia msituni kwa hiari yake tu. Anapaswa kupata kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na ruhusa ya wenye dhamana ya msitu, na kutoa sampuli nje ya nchi kuna masharti yake. Pale zinapopatikana sampuli kadhaa za spishi moja, zile za ziada zilizotajwa katika andiko, yaani parataipu, zinaweza kugawanywa, na sehemu ikabaki hapa nchini. Mimi ningependa tudai zaidi ya hapo, kwamba holotaipu yenyewe irudi kila penye kabati salama, spiriti ya kutosha na mtu wa kuitazama. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu chupa ikikauka kwa kukosa spiriti, buibui huharibika na jina hubaki bila ushahidi.

Mwalimu_Newala

Nawashukuru nyote. Limebaki swali la misitu yetu, na kama kuna kazi ambayo wanafunzi wanaweza kuifanya bila kuvunja sheria.

Mtafiti_wa_Pwani

Mwalimu, buibui wauaji walio hai wanajulikana kutoka Australia, Madagaska na Afrika Kusini tu. Atakayesema amewapata Rondo atakuwa anadai jambo kubwa sana, na atahitaji ushahidi wa namna ile iliyoelezwa hapo juu. Siwakatazi kutazama. Buibui hawa ni wasafiri wabaya, kila spishi huelekea kukaa katika eneo dogo la msitu wenye unyevu, kwa hiyo msitu mmoja ukifyekwa spishi nzima inaweza kwenda nao, na misitu yetu ya pwani imebaki vipande vipande. Komba mdogo anayebeba jina la Rondo alipata jina lake la kisayansi mwaka 1997 tu, ingawa alikuwa akilia usiku karibu na watu miaka yote hiyo, na mlio wake ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyomtenga na komba wengine. Ikiwa mnyama mwenye manyoya na sauti alichelewa kiasi hicho, sioni ajabu buibui wengi wadogo wakiwa bado hawana majina.

Wanafunzi wako wanaweza kuanza na wawindaji wa buibui walioko Afrika Mashariki. Yupo Portia schultzi, buibui mrukaji anayeingia kwenye utando wa mwenzake na kuutikisa kama windo lililonasa, ili mwenye utando ajitokeze. Wapo pia wa familia ya Palpimanidae, wenye miguu ya mbele minene na imara, ambao nao hula buibui. Hao wawatazame katika bustani na mashamba ya korosho ya familia zao, kwa idhini ya wazazi, bila kugusa hifadhi: wachukue chekecheke, wapepete juu ya kitambaa cheupe majani makavu yaliyoanguka, wangoje kwa utulivu mpaka vinavyotembea vijitokeze, waandike wanachokiona, kisha wavirudishe pale pale.

Ikitokea siku mkapewa kibali cha kuhifadhi sampuli, kila chupa iwe na kikaratasi ndani yake chenye mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji na aina ya mimea iliyokuwapo. Kiandikwe kwa penseli, kwa kuwa spiriti hufuta wino wa kalamu za kawaida, na buibui asiye na maelezo ya mahali alikotoka ana thamani ndogo sana kwa mtu anayetaka kuieleza spishi.