Tupeane uzoefu: modeli yako ya kwanza ya chombo iliharibikia wapi?

Msasa120
Wakuu habari za jioni. Nimekaa hapa na kijahazi changu cha kwanza mkononi, kina ufa kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), kidole cha mwanangu kinaingia, nikaona badala ya kununa peke yangu tuulizane, wewe ya kwanza iliharibikia wapi? Picha za modeli zinazong'aa tumeziona za kutosha, leo leteni aibu.

Naanza. Mimi ni mtu wa mahesabu, randa nimeishika ukubwani. Nikapata kigogo cha msufi huko Mkuranga, laini unachonga kama mkate, nikasema mbao za kuagiza za nini. Nikatoa jahazi la sentimita 40, vanishi mara tatu, likakaa juu ya kabati la tivii. Wiki ya pili usiku tukasikia TAP, mama watoto akajua panya. Kumbe mti ulikuwa mbichi na tumbo nimeliacha limejaa, juu panakauka panataka kusinyaa, katikati bado pana maji, pakivutana ndio hivyo tena. Siku hizi kipande nakiweka uvunguni, kila Jumapili nakipima kwenye mizani ya jikoni, uzito ukigoma kushuka ndio nachonga, na tumbo nalichimba mpaka ubavu ubaki kama sentimita moja.

Mpwani_Amu
Mie babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, huku Lamu, kwa hiyo aibu yangu ina mashahidi. Nimempelekea kijahazi, mlingoti nimeusimamisha wima twaa, nimetumia hadi pima maji, najisifu. Mzee akakigeuzageuza akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiki ni chombo ama mlingoti wa bendera ya skuli?" Mlingoti wa jahazi unalalia mbele jamani, kuelekea omo, sote tumeuona tangu utotoni lakini ukikaa kuchonga mkono unausimamisha tu. Halafu foromali, ule mti unaobeba tanga, nilitia kijiti kimoja cha mshikaki. Akaniambia nenda kaniletee mti mmoja mrefu namna hiyo nikuone. Foromali kubwa ni miti miwili mitatu imeungwa kwa kamba, na pale kwenye maungio ndipo modeli inapopata uhai, usipaache.

Kamba sasa, hapo ndipo wengi tunaumbuka. Nilitumia katani ya milimita 2. Kwa skeli ya 1:50 hiyo ni henza, kamba ya kupandishia tanga, ya unene wa sentimita 10, mabaharia gani wataivuta? Kamba ya sentimita 3 kwenye chombo cha kweli kwako inakuwa milimita 0.6. Mie natumia uzi wa kushonea viatu, naupitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili ili yale manyoya yalale. Na tanga usikate marekani mpya, ni nene, linasimama kama kadi ya harusi. Tafuta shuka kuukuu iliyofuliwa mpaka ikachoka, ichovye kwenye chai ya rangi, anika kivulini.

Reli_ya_Kati
Kigoma hapa. Mimi nilivamia Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, bila ramani, kadibodi za maboksi ya sabuni. Meli ina mita 71 na kitu, nikasema 1:100, sentimita 71, meza inatosha. Shida vipimo nilitoa kwenye picha za simu nimepiga nikiwa gatini meli imekaa mshazari, basi nyuma ikatoka fupi, mbele ndefu kama mdomo wa mamba. Nikarudia, safari hii nasubiri iwe ubavu kabisa, nahesabu madirisha. Halafu kadibodi nikapaka rangi upande mmoja tu, asubuhi imejikunja kama chapati. Paka pande zote mbili, siku moja.

Na kuna wanaosema modeli za boksi, zile unazonunua vipande tayari ukaunganisha, ni za wavivu. Liemba yenyewe ilikuja kwa boksi! Wajerumani waliijenga Papenburg 1913, wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, bahari mpaka Dar, reli mpaka huku, ikaunganishwa ikashushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, ila injini walizipaka grisi kwanza, na 1927 ikarudi kazini. Yangu nimeizamisha mara moja, kwenye beseni, bila grisi. Haijarudi kazini.

Mtoro_wa_Matrah
Salaam kutoka Maskati. Mimi ni hao wavivu wa boksi 😂 HMS Victory, ile manowari ya zamani ya Waingereza, boksi lilikaa juu ya kabati miaka miwili. Nilipofungua nikaanza kupachika zile mbao nyembamba za ubavuni zikiwa kavu, pale kwenye mviringo wa mbele zikawa zinakatika moja baada ya nyingine, nikamaliza karibu robo ya mbao zote. Fundi mmoja wa kihindi akaniambia loweka maji ya moto nusu saa, kisha kunja juu ya kitu cha moto. Kitu cha moto nyumbani kilikuwa ile pasi ya nywele ya mke wangu. Inafanya kazi safi kabisa wallahi, ila harufu ya mbao haitoki, na alikuwa na harusi Alhamisi. Nimenunua mpya, sasa tuna mbili. Supaglu pia muwe nayo makini, ikizidi inaacha utando mweupe kwenye mbao nyeusi.

Kapteni_Beseni
Mie mgeni. Nataka mtepe, ule wa kushonwa usio na msumari. Nimejaribu kutoboa ubao kwa sindano, kila tundu la tatu unapasuka. Mnatoboa na nini?

Msasa120
Sindano haikati, inasukuma, ndio maana unapasuka. Nenda kwa mafundi redio uombe keekee ndogo za kutobolea bodi za saketi, zipo hata za milimita 0.8. Zungusha kwa vidole, usitumie mashine. Na matundu yasikae mstari mmoja na nyuzi za mbao, yapishanishe kidogo.

Mpwani_Amu
Kabla hujatoboa pita makumbusho ya Lamu, mtepe mdogo upo. Na tanga la mtepe ni la mkeka tena la mraba, usije ukaliweka la jahazi, babu hayupo lakini mie nipo.

Kapteni_Beseni
Tanga nilishakata 🙈 la pembetatu