Mjadala: Namba za vifungu vya sheria, tuziandike kwenye HTML au tuiachie CSS?

Wadau, kila tukijenga tovuti za taasisi hoja hii inarudi: namba ya kifungu ni sehemu ya maandishi, au ni pambo la ukurasa? Wengi husema ni pambo, kwa hiyo ni kazi ya CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa), si ya HTML (lugha inayobeba maandishi yenyewe). Kwa sheria, kanuni na mikataba, napinga kabisa.

HTML 4 ya mwaka 1997 ilikubaliana na hao wengi. Sifa za start (namba ya kuanzia orodha) na value (namba ya kipengele kimoja) zikawekwa kwenye kundi la zisizopendekezwa tena, pamoja na type (aina ya namba au herufi). HTML5 ilipopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014, zote tatu zilikuwa zimerudi, tena na reversed ya kuhesabu kurudi nyuma. Na ilibidi zirudi, kwa sababu namba ikishatajwa kwenye waraka mwingine inabeba maana.

Chukua kanuni zenye vifungu 12, cha 4 kikafutwa. Ukiondoa li yake (kipengele chake kwenye orodha), brauza inahesabu upya: cha 5 kinageuka cha 4, na kila barua au hukumu iliyotaja kifungu cha 5 sasa inampeleka msomaji kwingine. Hakuna onyo lolote, na ukurasa unaonekana safi. Kumbe ilitosha kuandika <li value="5">, zinazofuata zikaendelea zenyewe. Bora zaidi, acha cha 4 mahali pake kikiwa na neno "Kimefutwa".

Watetezi wa CSS watasema counter-reset na counter-increment, amri za CSS za kuhesabu, zinatoa 4.2.1, wakati type inaishia 1, a, A, i na I. Ni kweli, na kwa mwongozo wa kawaida hata mimi nazitumia. Lakini CSS isipopakia, 4.2.1 yako imetoweka, na mwananchi anayesoma sheria kwa mtandao hafifu hatajua kuna kilichokosekana.

Sasa njooni kwenye Katiba ya Tanzania. Ina Ibara ya 107A na 107B, zilizoongezwa kwa mabadiliko ya mwaka 2000. Jaribu value="107A". Brauza inasoma tarakimu, inatupa herufi, na unapata 107. Ya B nayo inakuwa 107. Ibara tatu, namba moja! Najua wapo wanaoiweka namba kwenye sifa ya data-namba kisha kuichota kwa attr() ya CSS. Namba inaonekana, ila mtu akiitafuta "107A" kwa Ctrl+F haipati, kwa sababu haimo kwenye maandishi. Namba za kawaida za ol (orodha yenye namba) nazo zina kasoro hiyohiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwenye sheria, namba iandikwe kama maandishi ndani ya li, na alama ya brauza izimwe kwa list-style: none. Mkifanya hivyo ongezeni role="list" kwenye ol, maana Safari ikiona none, VoiceOver, programu ya Apple inayosoma skrini kwa sauti, huacha kumtangazia asiyeona kwamba yumo kwenye orodha.

Ningependa kuwasikia hasa wanaochapisha kanuni kwa Markdown, maandishi mepesi yanayogeuzwa kuwa HTML. CommonMark, kiwango cha Markdown, huheshimu namba ya kwanza tu. Ukiandika 1, 2, 3, 5 inatoka 1, 2, 3, 4. Mnalizuiaje hilo kabla ukurasa haujamfikia msomaji?