tmux: mstari wa kugawa dirisha unatokea xxxx, na pembeni kumejaa nukta

fundi_seva: Wakuu, naomba msaada. Seva ni Ubuntu 22.04, tmux 3.2a (programu ya kugawa terminali moja kuwa madirisha kadhaa), naingia kwa PuTTY ya zamani (programu ya kuingia seva kwa mbali) kutoka Windows. Nikigawa dirisha kwa `Ctrl-b %`, badala ya mstari naona x zimepangana. Herufi kama é zinageuka `_`. Kulia na chini kuna nukta ambazo hata `clear` haiziondoi. Nilijaribu `tmux resize-window -x 80 -y 24`, bado. Vim nayo rangi zimevurugika. Nje ya tmux rangi ziko sawa. Ndani, `echo $TERM` inatoa `xterm-256color`, na `locale` (mipangilio ya lugha na herufi) inatoa `LANG=C`.

mzee_wa_konsoli: Mkuu, hayo ni matatizo matatu tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Hizo x na `_` zinatokana na `LANG=C`. tmux inaamua terminali yako inaelewa UTF-8 (mfumo wa kusimba herufi za lugha zote) au la pale unapoingia kwenye sesheni (kikao cha tmux), kwa kusoma `LC_ALL`, `LC_CTYPE` na `LANG`. Isipokuta UTF-8 inachora mistari kwa njia ya kale ya VT100 (terminali ya zamani), ambayo x ni mstari wa wima na q ni wa mlalo. PuTTY za kabla ya 0.71 zikiwa kwenye UTF-8 haziitafsiri njia hiyo, zinakuonyesha herufi yenyewe. Toka kwa `Ctrl-b d`, kisha:

`tmux -u attach`

Mistari ikinyooka, umepata chanzo. Weka `export LANG=C.UTF-8` kwenye `~/.profile`, toka SSH (muunganisho wako na seva), ingia upya. Vidirisha (vipande vya dirisha lililogawanywa) vilivyokuwa wazi vinabaki na `LANG=C`, kwa hiyo fungua vipya. Ukianza kuona `â”‚`, basi kosa limehamia PuTTY: nenda Window, Translation, chagua UTF-8.

TERM (jina la aina ya terminali): ndani ya tmux lazima ianze na `screen` au `tmux`. Huenda kuna `export TERM=xterm-256color` kwenye `.bashrc`, ifute. Kwenye `~/.tmux.conf` andika:

`set -g default-terminal "tmux-256color"`

bi_terminali: Kuhusu nukta: hilo ni eneo la skrini yako lililo nje ya ukubwa wa dirisha la tmux. Kwa kawaida kuna terminali nyingine ndogo iliyobaki kwenye sesheni hiyohiyo. `tmux list-clients` inazionyesha zote pamoja na vipimo vyake, na `tmux attach -d` inazitoa.

Ila kwako `resize-window` imeongeza tatizo. Amri hiyo huweka `window-size` kuwa `manual` (ukubwa wa kupangwa kwa mkono), kwa hiyo dirisha limekwama kwenye 80 kwa 24 hata ukiwa peke yako. Ukiwa ndani ya dirisha hilo:

`tmux setw -u window-size`

Litarudi kufuata terminali iliyotumika mwisho.

fundi_seva: Asanteni sana. Mistari na nukta vimekaa sawa. Lakini nikitoka ndani ya tmux kwenda seva nyingine ya zamani, `nano` inagoma: `Error opening terminal: tmux-256color`.

mzee_wa_konsoli: Seva hiyo haina maelezo ya terminali hiyo. Yapeleke kutoka hapo ulipo. Hayahitaji root (mamlaka ya msimamizi), yanakaa kwenye `~/.terminfo`; `seva2` ni jina la seva hiyo ya zamani:

`infocmp -x tmux-256color | ssh seva2 'tic -x /dev/stdin'`

Kama `tic` (programu ya kusakinisha maelezo hayo) haipo kule, tumia `TERM=screen-256color nano faili`.