Kupanda Mlima Meru mwezi Agosti: siku tatu au nne? Naombeni ushauri

Binti_Mbezi
Wakuu, habari za majukumu. Naja nyumbani likizo ya kiangazi kutoka Ujerumani, natua KIA tarehe 8 Agosti na kuondoka tarehe 22. Tumepanga kupanda Mlima Meru, kule Hifadhi ya Taifa Arusha. Tuko watatu: mimi, mume wangu ambaye ni Mjerumani, na mdogo wangu wa kiume wa miaka 17 anayetoka Dar. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka mita 3,000. Mama atatusindikiza, ila magoti yake hayataki vilima.

Nimeletewa bei mbili, ya siku tatu na ya siku nne, na tofauti yake si ya kupuuza. Hiyo siku ya nne ina kazi gani hasa? Baridi ya Agosti ikoje, maana huku mwezi huo tunavaa kaptura? Kiingilio tunalipaje ikiwa mmoja wetu ni mgeni? Na mama afanye nini sisi tukiwa mlimani?

Mzawa_wa_Usa
Karibu nyumbani dada. Chukua nne, na sababu yake ni hesabu tu.

Siku ya kwanza mnatoka geti la Momella, kama mita 1,500 hivi, mnalala vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Ni mwendo wa saa nne hadi sita kutegemea njia. Ipo fupi inayokata uwanda wa majani na kupanda kwa haraka, na ipo ndefu inayozunguka msituni na kupita chini ya ule mtini mkubwa uliojifunga kama lango. Mwombeni askari wa hifadhi, yule wa bunduki atakayewaongoza, awapandishe kwa ndefu na kuwashusha kwa fupi. Ndefu inapanda taratibu, na wageni wa mlima ndicho wanachohitaji siku ya kwanza.

Siku ya pili ni Miriakamba hadi vibanda vya Saddle, mita 3,570. Hapo ni ngazi. Ngazi za magogo na udongo, moja baada ya nyingine, miti imeota ndevu za kijani na ukungu unapita katikati. Mtapumzika Mgongo wa Tembo, halafu miti inaanza kupungua mpaka vinabaki vichaka. Mkifika Saddle kuleni, jinyoosheni kidogo, kisha jioni hiyohiyo mpande Little Meru, mita 3,820, kama saa moja kwenda. Wengi wanairuka kwa uchovu na wanakosea. Kutoka kulala 2,514 hadi kulala 3,570 ni zaidi ya mita 1,000 kwa usiku mmoja, mruko mkubwa kwa mtu wa pwani. Ukipanda juu kidogo kisha ukarudi kulala chini, mwili unaanza kuzoea.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe. Mnaondoka kati ya saa saba na saa nane usiku. Mnapita Rhino Point, kama mita 3,800, na baada ya hapo njia INASHUKA kabla ya kushika ukingo wa kreta, lile shimo la volkano. Kushoto kwenu ni genge la kreta, kulia ni mteremko wa majivu, na kuna mapande ya mwamba ambayo lazima mikono ifanye kazi. Cobra Point iko kama mita 4,350, kisha mawe mpaka kileleni, Socialist Peak, ambapo kibao kimeandikwa 4,566. Jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro kama saa kumi na mbili na nusu.

Sasa sikiliza hesabu. Mmepanda takriban mita 1,000. Kwa mpango wa siku nne mnashuka mpaka Miriakamba, mita 2,052 za kushuka. Kwa mpango wa siku tatu hamlali, mnaendelea mpaka getini: mita 3,066 za kushuka kwa miguu iliyo macho tangu usiku wa manane. Na lile shuko la baada ya Rhino Point, wakati wa kurudi limegeuka kilima. Vifundo vya miguu huteguka kwenye zile ngazi za chini, saa ambayo mtu anaamini kazi imeisha. Siku ya nne mnainunua kwa ajili ya magoti.

Mkimbiaji_Moshi
Siku tatu si dhambi. Aliyeshuka Kilimanjaro wiki hiyohiyo, au anayekimbia milimani kila mwezi, anazimudu. Nyinyi watatu mnatoka usawa wa bahari au karibu yake, kwa hiyo nakubaliana na Mzawa. Ongezeni na jambo moja: laleni usiku mbili Usa River au Arusha kabla ya kuanza. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400, si mwinuko wa kutisha, lakini ni bora kuliko kumtoa kijana kwenye basi la Dar usiku na kumpeleka getini asubuhi.

Kama tarehe zinaruhusu, tazameni kalenda ya mwezi. Usiku wa mbalamwezi kwenye ule ukingo unaiona njia mita hamsini mbele. Kwenye giza totoro unaona tu visigino vya aliye mbele yako.

Soko_la_Kilombero
Kuhusu baridi: dada, kiangazi cha huko ndicho kipupwe cha huku. Julai na Agosti Arusha mjini watu wanavaa makoti asubuhi, na kileleni alfajiri ni chini ya sifuri. Kinachokata zaidi ni upepo wa ukingoni, maana hakuna pa kujificha tangu Rhino Point hadi juu.

Kosa kubwa ni pamba. Fulana ya pamba na suruali ya jinsi zikilowa jasho hazikauki, na ukisimama dakika tano kumsubiri mwenzako unaanza kutetemeka. Ngozini vaeni fulana ya mikono mirefu ya nailoni au sufu, juu yake jaketi la manyoya laini, juu yake koti zito, na la mwisho kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Miguuni soksi nyembamba chini, ya sufu juu. Glavu mbili pia, nyembamba ndani ya nene, kwa sababu kwenye mwamba utavua nene ili ushike vizuri, na usiache vidole wazi.

Huyo kijana asinunuliwe vitu vipya. Mitumba ya Kilombero pale Arusha au Memorial kule Moshi ina makoti ya theluji na majaketi mazuri kabisa. Aende asubuhi, avae, ainue mikono juu: koti likipanda mpaka kitovuni, aliache. Mfuko wa kulalia tu ndio bora kukodi kwa waongozaji, na mwombe auone na kuufunga zipu mbele yao. Kwenye vibanda kuna vitanda na magodoro, ila blanketi msitegemee.

Na usifungashe nguo kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Tumieni mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji.

Mzawa_wa_Usa
Naongezea alichosema hapo juu. Mrija wa mfuko wa maji huganda usiku ule, na ukiganda huna maji mpaka jua litoke. Bebeni chupa, moja iwekwe ndani ya koti, nyingine kwenye begi ikiwa imepinduliwa mdomo chini: barafu huanza juu, mdomo unabaki wazi. Betri za tochi na simu zilale nanyi ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi hulaza betri iliyojaa.

Maji lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku. Ya vibandani yachemshwe au yatiwe vidonge. Na kabla ya kuondoka Miriakamba muulizeni askari hali ya maji huko Saddle, kwa sababu wakati wa ukame hupungua, na mpishi lazima ajue mapema abebe kiasi gani.

Geti_la_Momella
Malipo. Kinachoangaliwa ni uraia. Wewe na mdogo wako mkionyesha kitambulisho cha NIDA au pasipoti ya Tanzania mnalipa kiwango cha Mwafrika Mashariki kwa shilingi. Kijana wa miaka 17 hana NIDA, basi aje na pasipoti au cheti cha kuzaliwa, cheti halisi. Mume wako atalipa kiwango cha wageni, ambacho hutajwa kwa dola. Kama wewe umeshachukua uraia wa Ujerumani, unahesabiwa mgeni hata kama umezaliwa Meru penyewe, kwa hiyo liweke wazi kwa kampuni sasa hivi.

Mkusanyiko wa ada una vipande: kiingilio kwa kila siku, malazi ya kibanda kwa kila usiku, ada ya uokoaji, ada ya askari, na gari kama linaingia. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Ukipewa bei, uliza kila kipande kimo au hakimo, na VAT imo au haimo. Tofauti kati ya kampuni mbili mara nyingi imejificha hapo, si kwenye siku. Angalia pia kama bei ni ya baada ya Julai 1, maana mwaka wa fedha unapoanza viwango huweza kubadilika. Getini hawapokei fedha taslimu, njooni na kadi au mlipe kabla kwa namba ya malipo ya serikali.

Agosti vibanda hujaa, Wazungu wote wako likizo. Wekeni nafasi mapema, na siku ya kuanza mfike Momella kabla ya saa nne asubuhi.

Binti_Mbezi
Mungu awabariki, nimeshaandika yote kwenye daftari. Uraia wangu bado ni wa Tanzania. Maswali mawili: dawa za mwinuko tumeze au tusimeze? Na huyo askari wa bunduki ni kwa ajili ya nini hasa?

Nesi_Tengeru
Dawa inaitwa asetazolamide. Kwa kukinga, mtu mzima humeza miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, akianza siku moja kabla ya kupanda. Inakojolesha na kuchomachoma vidole, hilo ni kawaida. Lakini iko ukoo mmoja na dawa za salfa. Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa Septrin au Fansidar amwambie daktari kwanza, wala asiazime kidonge cha mwenzake. Kijana daktari amwone na kumpangia kipimo mwenyewe.

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula Saddle ni jambo la kutarajiwa: maji, supu, kupumzika. Kichwa kikizidi na kutapika kukianza, hakuna kupanda tena. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganya maneno, au akihema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo, usiku au mchana. Mpimeni kwa kumwambia atembee hatua kumi kisigino kwa kidole kwenye mstari. Akishindwa, mnashuka.

Na huyu anayetoka Dar, akiwa na homa yoyote kabla ya safari apime malaria. Kichwa cha malaria na kichwa cha mwinuko ukiwa Saddle huwezi kuvitenganisha.

Mzawa_wa_Usa
Askari ni kwa ajili ya nyati hasa, na tembo. Hakuna kupanda Meru bila yeye. Tembeeni mstari mmoja nyuma yake, asitangulie mtu kwa kujiona ana pumzi, asibaki mtu nyuma kupiga picha, na masikioni kusiwe na muziki. Akinyoosha mkono, wote simama na nyamaza. Nyati wa kundi huondoka, ila yule dume wa peke yake aliyelala kichakani ndiye mbaya, kwa sababu hakusikii mpaka umemkaribia.

Miriakamba nyati hulisha karibu na vibanda. Ukitoka usiku kwenda chooni mulika kwanza kushoto na kulia ukiwa mlangoni. Macho yakirudisha mwanga, funga mlango, subiri.

Geti_la_Momella
Mama hajasahaulika. Siku ya kwanza apande gari lenu, mtapita Ngongongare na Serengeti Ndogo wote pamoja, nyinyi mshuke Momella, na gari hilohilo limzungushe kwenye maziwa. Ni maji ya magadi, flamingo huwa kule, na twiga hawana haraka ya kukimbia gari. Arudi kupitia kreta ya Ngurdoto, gari linafika vituo vya kutazamia ukingoni, hakuna kupanda kwa mguu. Kushuka ndani ya kreta hairuhusiwi. Msituni humo mama atawaona mbega, mkia mweupe mrefu. Siku ya nne aje awapokee getini.

Binti_Mbezi
Basi tumechukua nne. La mwisho: mume wangu amenunua buti mpya juzi, zinamtosha barabara. Kuna shida?

Mkimbiaji_Moshi
"Barabara" hapo ndiyo shida. Azivae na soksi zote mbili, asizifunge kamba, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja cha mkono. Kisipopita, abadilishe leo akiwa bado na risiti. Zikimfaa, azivae kila siku mpaka Agosti, ngazi za ghorofa kupanda na kushuka akiwa na begi la kilo nane.

Kucha akate siku tatu kabla ya safari. Na kabla ya kushuka kutoka kileleni, afungue kamba zote, apige kisigino chini kirudi nyuma, akaze mgongo wa mguu kwa fundo la kuzungusha mara mbili, ndipo afunge juu. Bila hilo fundo mguu unateleza mbele kila hatua, na kwa mita 2,052 kucha za vidole gumba huenda. Yale majivu ya ukingoni yakiingia kiatuni, asimame ayamwage mara moja, asisubiri Saddle.