Mjadala: Mkemia tumpime kwa saitesheni?

Wakuu habari za jioni, tuchambue hili bila kutukanana. Kwenye bajeti ya elimu ya 2022/23 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Mkenda, alitangaza shilingi bilioni 1 ya kuwazawadia watafiti wetu wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, milioni 50 kwa mtafiti. Hela wapewe tu sina wivu, ninachopinga ni hii tabia inayoota mizizi vyuoni ya kumpima mtu kwa namba, saitesheni ngapi (yaani kazi zako zimetajwa na watafiti wengine mara ngapi), h-indeksi ngapi, basi (kwa asiyejua, h-indeksi ya 20 maana yake una pepa 20 za utafiti ambazo kila moja imetajwa na wenzako walau mara 20, aliileta Hirsch 2005, tena ni mwanafizikia).

Mcheki Rafael Luque, mtu wa kemia ogania (kemia ya molekuli za kaboni), Chuo Kikuu cha Córdoba, Hispania. Pepa kama 700, yumo kwenye orodha ya wanaotajwa sana duniani, miezi 3 ya mwanzo ya 2023 peke yake pepa 58, yaani moja kila saa 37 hivi. Mwaka huohuo ikajulikana chuo kimemsimamisha miaka 13 bila mshahara, kosa ni kujiandika kwenye pepa kama mtu wa Chuo Kikuu cha King Saud cha Riyadh na chuo kimoja cha Moscow wakati ajira yake ya muda wote iko Córdoba. Sayansi yake haikuwa ndo kesi, na mwenyewe alijitetea. Sasa jiulize, hao wa mbali walimtaka wa nini? Saitesheni zinapandisha chuo kwenye renki, biashara ndo iko hapo.

—

Mkuu mfano mzuri ila unatupeleka pabaya. Ukiondoa namba hapa kwetu unabaki na nini? Kujuana. Bosi wa idara anampandisha mshikaji wake aliyechapisha kwenye jarida la chuo chao wenyewe, aliyekesha maabara anaambiwa asubiri. Saitesheni angalau hazina shemeji.

—

Nyie mnaongea hamjawahi kusimamia kolamu (bomba la kutenganishia kemikali). Mimi nafanya kemia ya mimea ya dawa. Unachimba mizizi porini, unakausha magome, unasaga, unaloweka kwenye methanoli siku kadhaa, unatoa methanoli kwa rotavepa (mashine ya kuivukiza) unabaki na kitu kama lami, unakipitisha kwenye kolamu ya silika, vichupa vimejaa meza, kila kimoja unadondoshea kwenye TLC (kibamba cha kutenganishia kemikali) uone madoa, mwisho wa yote unapata miligramu chache za unga mweupe. Hapo NMR (mashine ya kusoma muundo wa molekuli) ya nguvu huna, sampuli inapanda ndege kwenda Ulaya, unasubiri weee, majibu yakirudi unakuta molekuli yenyewe iliripotiwa zamani na Mjapani. Pepa imekufa. Mwenzangu wa afya ya jamii keshatoa zake, na wa kumtaja ni wengi maana fani yao ina watu. Halafu tukae kikao kimoja cha kupanda cheo tupimwe kwa rula moja?

—

(Mleta mada) Umenisaidia. Dawa mseto ya malaria tunayomeza imetokana na artemisinini, Tu Youyou na wenzake waliitoa kwenye mmea wa Artemisia annua 1972, na pepa ya 1977 ya muundo wake ilitoka kwa jina la kikundi, jina la mtu hamna. Mama yule hana PhD. Nobeli kapewa 2015, ila usaili wa mhadhiri mwandamizi kwa vigezo vyetu angetolewa raundi ya kwanza.

Na hizo namba za majarida nazo! Jarida la Acta Crystallographica A lilikuwa na impakt fakta (wastani wa mara pepa za jarida zinavyotajwa) ya 2 na ushee, kwa 2009 ikaruka karibu 50, sababu ni pepa moja ya Sheldrick ya 2008 kuhusu SHELX, programu wanayotumia wakemia kupata umbo la molekuli kutoka kwenye kristali. Pepa nyingine za humo zilikuwa zilezile. Aliyechapisha humo mwaka ule angebeba milioni 50 kwa jasho la Sheldrick?

Mimi nasema mtu alete pepa zake 3 bora, aeleze yeye alifanya nini kwa mkono wake, zisomwe.

—

Zisomwe na nani? Wakemia wa ogania nchi hii wanajuana wote, wengi wamefundishana. Tumerudi kwa shemeji.

—

(Mleta mada) Zitumwe nje kama sampuli zinavyotumwa, majina yafichwe. Nairobi wapo, Addis wapo, mtandao wa NAPRECA unawakutanisha watu wa kemia ya mimea ukanda huu tangu 1984.

—

Msomaji wa Nairobi hasomi bure mkuu.

—

(Mleta mada) Alipwe kwenye ileile bilioni 1.