Kazi za wateja hulala rafuni hadi mkesha wa Idd: nifanyeje niache kuahirisha?

Fundi wa Majengo: Assalamu aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa, na ninaomba ushauri kuhusu tabia ya kuahirisha kazi, ambayo sasa imeanza kunipunguzia wateja. Suruali ya kupunguza urefu au zipu ya kubadilisha huimaliza siku iyo hiyo. Lakini mtu akiniletea kitambaa cha thamani cha gauni la harusi, humpima, nikaandika vipimo kwenye kijikaratasi na kukibana kwa pini, kisha mfuko ukakaa rafuni mpaka mwenyewe apige simu. Hata nikikitandaza mezani, chaki mkononi, mara nitashika simu, mara nitatoka kwenda barazani kunywa kahawa, na adhuhuri hunikuta sijakata hata mkono mmoja. Ramadhani ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa kanzu na mabuibui huishia kushonwa usiku wa mwisho, na kazi ya usiku huo haiwi safi. Aliyewahi kuishinda tabia hii anieleze alianzia wapi.

Mshonaji, Kisauni: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Zipu huahirishi, kwa hivyo tusiuite uvivu. Unachokikimbia ni mkasi, kwa sababu kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, na bei yake huenda inaushinda ujira wako. Nunua amerikani ya bei nafuu pale Biashara Street, ukate kwanza kifua na mikono kwa kitambaa hicho, ushikize kwa mkono, umjaribishe mteja. Ukishaona bega limekaa, kukata kile cha harusi hakutakutisha tena.

Mwalimu, Tudor: Naunga mkono. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha mara nyingi hutafuta nafuu ya haraka kutokana na hisia mbaya inayoletwa na kazi yenyewe, na ndiyo maana ratiba peke yake haimtoshi. Naye Peter Gollwitzer wa Ujerumani alionyesha mwaka 1999 kuwa nia iliyofungwa na wakati au tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Usiseme "kesho nitajitahidi", sema "nikishamaliza chai ya asubuhi, kabla ya kuwasha simu, nitachora mgongo wa gauni lililo juu kabisa rafuni." Mgongo tu, si gauni zima. Usikate tamaa mapema pia: katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliohusisha watu 96, mazoea mapya yalichukua kwa kawaida siku 66 hivi, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka.

Mama wa Likoni: Mwanangu, hayo ya mwalimu ni mazuri, ila mimi nazungumza kama mteja. Kinachotuumiza zaidi ni kuambiwa "njoo kesho" na fundi anayejua kesho haitakuwa tayari. Mpe kila mtu tarehe ya kujaribisha, si ya kuchukua pekee, maana mtu akija dukani kujaribisha itakubidi uwe umekata. Na daftari la nguo za Idd ulifunge Ramadhani ikifika nusu.

Fundi wa Majengo: Shukrani, mama, na nyote. Tarehe ya kujaribisha naianza wiki hii. Kulifunga daftari kunanitia hofu, kwa kuwa mafundi jirani hupokea hadi siku ya mwisho.

Mama wa Likoni: Baadhi watakwenda huko, ni kweli. Lakini mwanamke aliyeivaa nguo yake asubuhi ya Idd bila kugombana na fundi huwaambia shoga zake wote.

Fundi wa Majengo: Na gharama ya amerikani, nimtoze mteja?

Mshonaji, Kisauni: Usimtoze. Andika vipimo juu ya kila kipande na ukihifadhi, kwani mwenye umbo linalokaribiana naye akija utakitumia tena kwa kurekebisha kidogo pembeni.