Nina skurubu kwenye taya, haina jina wala karatasi, na jino linazunguka kama kitasa kibovu

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mie leo nina hasira na nitayasema yote.

Jino langu la mbele la juu lilikwenda na bodaboda mwaka juzi, masika, njia imejaa utelezi. Mie ni maalim wa chuo cha Kur-ani, huku Wete, Pemba. Kwa mtu mwengine pengo la mbele ni shida ya picha za harusi. Kwangu mie ni kazi. Herufi za Kiarabu tha, dhali na dhaa, zote tatu ncha ya ulimi inakwenda kwenye ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Na fa inayataka meno hayo hayo yakae juu ya mdomo wa chini. Ng'oa moja hapo uone upepo unavyopita. Mtoto hasomi ulichokusudia, anasoma anachosikia. Siku moja nikawasikiliza vizuri, darasa zima linasoma sura ya Al-Kawthar "al-kawsar", na kosa ni pengo langu.

Nikaanza na jino la kubandika, lile la plastiki la kuvaa na kuvua. Linafunika kaakaa, linatia kichefuchefu, na kila nikitawadha nalitoa nisukutue (najua si lazima, roho yangu tu haitulii). Mara ya pili kulisahau msikitini, mtoto akaniletea nyumbani kalifunga kwenye karatasi ya kashata. Nikasema hapana, natafuta la kudumu.

Nikaelekezwa kliniki moja Unguja mjini. Jina sitaji, msinisumbue. Kiyoyozi, viti vya ngozi, televisheni ukutani inaonyesha jino linajipanda lenyewe kwenye ufizi bila hata tone la damu. Nikaelezwa vizuri kabisa: implanti ni skurubu ya titani, inatiwa ndani ya mfupa wa taya, unangoja miezi mfupa uishike, kisha juu yake kinafungwa kijiti, na juu ya kijiti inakaa kofia, ndiyo jino lenyewe. Shilingi 1,900,000, pesa mbele. Karafuu nilizopeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, msimu ule zote zikaishia pale. Wazee wetu jino likiuma walitia punje moja ya karafuu. Mie nimetia magunia.

Niwe mkweli: kupasuliwa kwenyewe sina malalamiko nako. Ganzi ilishika, uvimbe siku tatu, uji wiki nzima, basi. Nikangoja miezi minne. Nikafungiwa kijiti, nikabandikwa kofia, nikajitazama kwenye kioo cha boti njia nzima kama bwana harusi.

Wiki ya saba nimekaa na watoto, tunarejea Al-Kawthar. Nimefika kwenye tha, ulimi umegusa, jino likageuka. Halikutoka, halikuuma. Limegeuka tu, ubavu ukawa mbele. Watoto kimya. Kadogo kamoja ka safu ya mbele kakaniambia kwa adabu zake zote: "Maalim, jino lenu laangalia dirishani."

Nikacheka nao. Usiku sikucheka.

Nikarudi Unguja. Anaetoka Wete kuwahi boti Mkoani anajua saa anayoamka. Nikafika, daktari hayupo. Kumbe ni wa kuja Jumamosi kutoka Bara, na ile haikuwa Jumamosi yake. Safari ya pili yupo, akaligeuza kwa kidole likakaa sawa, akaniambia nisitafunie upande huo. Jamani, jino la mbele lina upande gani? Ile ile wiki nikala mkate wa ufuta, likageuka tena. Safari ya tatu daktari ameacha kuja, "ana mkataba mwengine". Ya nne, faili langu halionekani. Ya tano, nirudi baada ya sikukuu. Ujumbe wa WhatsApp natuma, tiki mbili za buluu, kimya. Ya sita binti wa mapokezi akaniuliza, "Mzee, una uhakika ulifanyiwa hapa?" Nikamfungulia mdomo nikamwonyesha. Nikaondoka kabla sijasema la kujutia, ilikuwa Ramadhani.

Sasa hapa ndipo hasira yenyewe ilipo, soma taratibu.

Nikaenda kwa daktari mmoja Chake Chake, kijana, mstaarabu. Akapiga picha, akaiinua dirishani tukatazama wote. Skurubu iko imara, mfupa umeishika, alhamdulillahi. Kilicholegea ni kiskurubu kidogo kinachofunga kijiti juu ya ile kubwa. Nikafurahi, nikamwambia basi kikaze. Akaniuliza: "Sheikh, ni implanti ya kampuni gani? Kadi yako iko wapi?"

Kadi gani?

Akanieleza, nami nawaeleza nyinyi. Watengenezaji wa hivi vitu ni mamia duniani na kila mmoja ana vipimo vyake. Kijiti cha huyu hakikai kwenye skurubu ya yule. Bisibisi nayo hivyo hivyo: moja ina pembe sita, nyengine nne, nyengine kama nyota, na tofauti za upana huzioni kwa macho. Ukitia isiyo yake ukakaza, unakula kichwa cha skurubu, na hapo kuitoa ni balaa jengine. Na inakazwa kwa kipimo maalumu, si kwa nguvu za mkono kama bawaba ya mlango. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kadi yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Paketi ya implanti huja na stika yake, ni kuibandua na kuibandika kwenye karatasi ya mgonjwa. Kazi ya sekunde mbili! Mie nilitia saini karatasi tatu pale, zote za malipo.

Halafu kofia yangu imegandishwa kwa saruji ya meno. Kukifikia kile kiskurubu lazima kofia itobolewe. Yaani itobolewe, ndipo tuchungulie ni bisibisi ya aina gani, ndipo tuitafute. Kijana akasema, "Mie siwezi kutoboa jino la mtu kwa kubahatisha." Nikamheshimu. Pesa yangu alikuwa nayo mkononi, akairudisha.

Na kungoja nako kuna hatari yake. Kijiti kikicheza, vijidudu na mabaki ya chakula yanaingia kwenye ule mwanya, ufizi unavimba, ukiachwa hivyo mfupa unaoshika skurubu unalika. Ufizi wangu tayari unatoa damu nikipitisha msuwaki. Kwa hiyo kitu kizima cha milioni na ushei kinaweza kufa kwa kukosa stika.

Msiniambie "teknolojia mpya, tuvumilie". Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wa kwanza implanti za titani mwaka 1965! Zanzibar ilikuwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja wa Mapinduzi. Mimi naambiwa faili halionekani.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Anaesema ningeweka briji (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani): briji ingetaka meno mawili mazima ya jirani yachongwe. Yale mawili hayakuwa na kosa lolote.

Anaesema niende Muhimbili: niko njiani inshallah, lakini na kule swali la kwanza litakuwa lile lile, ni ya kampuni gani.

Anaesema "maalim mzima unalalamikia uzuri": rudi juu usome habari ya tha. Kisha soma Al-Kawthar mbele ya kioo, ulimi wako ndani ya meno, unijibu.

Ninachokitaka hapa ni kimoja. Kama kuna aliyewekewa implanti Unguja mjini na daktari wa Jumamosi kutoka Bara, mwaka jana kati ya Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu (miezi mitatu baada ya Ramadhani), na yeye akapewa kadi, naomba anitumie picha ya ile stika kwenye PM (ujumbe wa faragha). Huenda sanduku lilikuwa moja. Jina lako lizibe kwa kidole, silihitaji. Nataka jina la skurubu tu.